Maswali ya Wasomaji: Ahadi, Manowari na Mizani ya Nguvu

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu siasa za nguvu kati ya dola na dola, na ile nadharia ya uhalisia inayosema kwamba serikali huongozwa na hofu na maslahi kabla ya urafiki. Tumechagua saba. Jibu la barua ya Pangani ni refu kuliko mengine, na swali lenyewe linastahili.

Shikamooni wahariri. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wananibana: Uingereza ilikuwa rafiki wa Sultani Barghash kwa miaka mingi, na balozi wake mdogo John Kirk alikuwa na sauti ikulu kuliko mawaziri. Wajerumani walipokuja mwaka 1885, mbona rafiki alikaa kimya? — Mwalimu, Pangani

Marahaba, mwalimu. Tuanze na vile Barghash alivyokuwa navyo na alivyovikosa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilivunja merikebu zake bandarini Unguja, hata miaka miwili hajatimiza katika kiti. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, baada ya Kirk kumweleza kwamba akikataa, manowari za Uingereza zitaifunga bandari yake. Tangu hapo usalama wake ulikuwa mikononi mwa dola moja. Hata jeshi lake jipya lilifundishwa na ofisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews.

Bara alikuwa na misafara, na alikuwa na wawakilishi Tabora na Ujiji. Hakuwa na ngome njiani wala askari wa kuzikalia. Usemi wa kwamba zumari likipigwa Unguja hucheza walioko maziwa makuu ulikuwa wa kweli kwa bei ya pembe na nguo. Kwa mizinga haukuwa kweli, na wageni waliliona hilo.

Novemba 1884 Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, na wenzake walivuka kutoka Unguja, wakapita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za watawala kwenye karatasi za Kijerumani. Mangungo wa Msovero ni mmoja wao. Mkutano wa Berlin, ambao Barghash hakualikwa, ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alisubiri wajumbe wa mkutano waanze kufunga mizigo ndipo akatangaza.

Sasa, ukimya wa London. Ukiutafuta Unguja hutaupata. Tazama mambo yaliyokuwa mezani kwa Waziri Mkuu Gladstone katika miezi hiyo hiyo. Khartoum ya Sudan ilianguka mikononi mwa Mahdi, kiongozi wa waasi wa huko, tarehe 26 Januari 1885, na Jenerali Gordon wa Uingereza akauawa. Tarehe 30 Machi Warusi waliwashambulia Waafghani huko Panjdeh, ikadhaniwa vita kati ya Uingereza na Urusi haiepukiki. Isitoshe, Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882, na deni la Misri lilikuwa chini ya tume ya mataifa ambamo Ufaransa ilikuwa ikiikwamisha. Ili kuizuia Ufaransa, London ilihitaji kura ya Ujerumani. Bismarck aliijua hesabu hiyo vizuri sana. Kwa Gladstone, na kwa Salisbury aliyemfuata mwezi Juni, Usagara ilikuwa bei ndogo ya kuifanya Berlin isijiunge na Paris na St Petersburg.

Barghash alifanya yaliyokuwa ndani ya uwezo wake. Alimpelekea Kaiser simu ya maandishi kupinga, kisha akamtuma Mathews Kilimanjaro kuchukua saini za watawala wa huko kwa jina la Sultani. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya ikulu yake. Kirk, ambaye moyo wake ulikuwa upande wa Sultani, alikuwa na maagizo ya kumshauri akubali. Katikati ya mwezi alikuwa amekwisha kubali.

Hatua iliyofuata husahaulika, nayo ina mafunzo mengi. Iliundwa tume ya kuchunguza mamlaka ya Sultani yanafika wapi, yenye mjumbe mmoja wa Uingereza, mmoja wa Ujerumani na mmoja wa Ufaransa. Mwingereza alikuwa Kitchener, yule aliyekuja kuwa mkuu wa jeshi Sudan. Mwisho wa kazi ikakubaliwa yaandikwe yale tu ambayo wajumbe wote wanakubaliana. Fikiri utaratibu huo unafanya nini: mjumbe mmoja akikataa tu, ushahidi wote wa Sultani kuhusu mji fulani unafutika. Ujerumani haikuhitaji kushinda hoja, ilihitaji kutikisa kichwa. Matokeo yake ni makubaliano ya mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886: Sultani akabaki na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka karibu na Ruvuma hadi Kipini, na miji michache ya Benadiri, pwani ya Somalia. Yaliyo nyuma ya ukanda huo yakagawanywa kati ya Wajerumani na Waingereza.

Mwaka 1888 utawala wa pwani ya kusini ukakodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, na vita vya Abushiri vikaanza hapo hapo kwenu Pangani. Kufika 1890 hesabu ilikuwa imebadilika tena. Bismarck aliondolewa mwezi Machi, na mrithi wake Caprivi aliuacha mkataba wa siri na Urusi ufe mwezi Juni, kwa hiyo Ujerumani ilihitaji urafiki wa Uingereza. Salisbury naye alitaka chanzo cha Nili kisiguswe na mtu. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ukaipa Ujerumani Heligoland, kisiwa kisichofika hata kilomita mbili za mraba lakini kilichokaa mbele ya midomo ya mito Elbe na Weser, pamoja na msaada wa kumshawishi Sultani auze pwani yake. Uingereza ikapata kuachiwa Witu iliyo karibu na Lamu, Uganda na himaya ya Unguja. Pwani ya Tanganyika ikanunuliwa kwa marki milioni 4.

Iko ahadi moja ambayo wanafunzi wako wangepaswa kuijua. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitangaza pamoja kwamba zitaheshimu uhuru wa masultani wa Muskat na Unguja. Mwaka 1890 Wafaransa walikumbusha hati hiyo, na walikuwa na haki. Lakini hawakuitoa ili kumwokoa Sultani. Tarehe 5 Agosti Salisbury aliwatambulia himaya yao juu ya Madagaska, nao wakaitambua himaya ya Waingereza Unguja. Ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya Sultani iligeuka mali ya walioiandika, wakaiuza kwao wenyewe.

Je, Barghash angefanya nini tofauti? Kwa maoni yetu udhaifu wake mkubwa haukuwa uchache wa bunduki. Aliweka usalama wake wote kwa mlinzi mmoja, na mlinzi huyo alikuwa na shughuli Misri, India na Sudan. Hati ya 1862 ilimpa mlango wa pili, Ufaransa, na alipaswa kuubisha hodi mapema, miaka ya 1870, Ujerumani ikiwa bado haijataka makoloni. Kufika Agosti 1885 hakuwa na hatua iliyobaki.

Ni kweli kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa? — Msomaji, Moshi

Si kweli. Mstari huo ulichorwa katika makubaliano ya 1886 tuliyoyataja: kutoka mto Umba, kupita Jipe, kuzunguka mlima upande wa kaskazini, mpaka Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Mjukuu anayesemwa, Wilhelm wa Pili, alitawazwa Juni 1888. Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa sababu nao walikuwa na mikataba waliyoichukua huko mwaka 1885, na Waingereza wakabaki na Mombasa, ambayo kwao ilikuwa na thamani kuliko theluji. Hadithi ya zawadi ni tamu, lakini inaficha kwamba kila pembe ya mstari ule ilipimwa na kulipiwa.

Kaka mhariri, nisaidie. Wazee wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Huo uhalisia wenu wa vyuo vikuu una kitu gani zaidi ya hapo? — Msomaji, Mombasa

Unacho, na tofauti yake ni kubwa. Methali inamshauri mnyonge. Uhalisia unamchunguza na mwenye nguvu pia, na mara nyingi unamwonya.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa fani hii huanza nao ni kisiwa cha Melos, mwaka 416 kabla ya Kristo, katikati ya vita vya Athene na Sparta. Melos ilitaka kukaa pembeni. Athene ikapeleka merikebu 38 na maelfu ya askari, na kabla ya kupigana wajumbe wake wakawaambia wakuu wa kisiwa wazi wazi: tusizungumze haki, maana haki hujadiliwa kati ya walio sawa. Wamelos wakajibu kwamba wanaitegemea miungu, na ndugu zao wa Sparta watakuja. Sparta haikuja. Baada ya kuzingirwa hadi majira ya baridi, na baadhi ya watu wa ndani kuusaliti mji, walijisalimisha. Wanaume waliokamatwa wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani, na Athene ikaleta walowezi 500.

Wengi hufunga kitabu hapo wakasema: umeona, mwenye nguvu mpishe. Tafadhali endelea kusoma. Mwaka uliofuata Athene ile ile, ikiwa na imani ile ile kwamba nguvu inatosha, ilituma jeshi kubwa Sisilia. Mwaka 413 jeshi hilo na merikebu zake viliangamia. Washirika walioishi kwa kuiogopa wakaanza kuasi mmoja baada ya mwingine, na Uajemi ikamwaga fedha upande wa Sparta. Mwaka 404 Athene ilisalimu amri na kuta zake zikabomolewa. Lysander wa Sparta akawarudisha Wamelos waliosalia kisiwani kwao.

Hiyo ndiyo mizani ya nguvu. Hakuna mahakama juu ya dola inayoweza kumkamata mkosaji, kwa hiyo kila dola hujilinda. Kwa kuwa kila moja hujilinda, anayekua kupita kiasi huwatia wengine hofu, na hofu huwaunganisha hata waliokuwa wakichukiana. Mwenye nguvu asiyejua alipofikia mwisho wa uwezo wake huwatengenezea adui zake muungano kwa mikono yake mwenyewe. Napoleon aliyaona hayo, na Ujerumani ya Wilhelm wa Pili pia.

Na Wamelos? Tunawahurumia, lakini walikosea mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole: walihesabu udugu wa Sparta bila kuuliza kama Sparta ina merikebu za kufika, na ina faida gani ikifika.

Mbona Kenya ya kibepari ilikuwa rafiki wa Ethiopia ya Mengistu, mfuasi wa Moscow? Baba yangu alikuwa akishangaa sana miaka hiyo. — Msomaji, Garissa

Sababu iko kwenye bendera ya jirani. Somalia ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1960, ncha tano za nyota yake zilimaanisha maeneo matano ya Wasomali: mawili yaliyokwisha kuungana, na matatu yaliyokuwa nje, yaani Jibuti, Ogaden ya Ethiopia na kaskazini mashariki mwa Kenya. Jirani mmoja alikuwa anawadai ardhi wawili. Hao wawili, Kenyatta na Haile Selassie, wakafunga mapatano ya kulindana Kenya ilipokuwa inapata uhuru. Mwaka 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoamua mjini Cairo kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe, Somalia ilikuwa miongoni mwa waliokataa, na vita vya shifta, yaani waasi wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya, viliendelea hadi 1967.

Kisha tazama yaliyotokea. Septemba 1974 mfalme akapinduliwa, Ethiopia ikawa nchi ya kijamaa. Julai 1977 Somalia ikaingia Ogaden kwa nguvu zote. Urusi, iliyokuwa imeijenga Somalia kijeshi, ikahamia upande wa Ethiopia kwa sababu Ethiopia ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 13 Novemba Rais wa Somalia, Siad Barre, akawafukuza Warusi. Wakubwa walibadilishana wateja katikati ya vita. Maelfu ya askari wa Kyuba wakatua Ethiopia, na Machi 1978 jeshi la Somalia likarudi kwao.

Katika msukosuko huo wote Nairobi haikuyumba. Ilikuwa na Ethiopia ya mfalme, ikawa na Ethiopia ya wajamaa, na Januari 1979 serikali ya Moi ikaweka saini mkataba mpya na Mengistu. Mwaka uliofuata Marekani iliingia mapatano ya kutumia bandari za Kenya na vile vile za Somalia, na bado Kenya haikuiacha Addis Ababa. Itikadi iligeuka pande zote. Ramani ilibaki palepale, na ni ramani Kenya iliyokuwa ikiijibu. Gharama yake, hilo lisemwe, waliibeba wananchi wa mkoa wenu, walioishi chini ya sheria za hatari kwa miaka mingi kwa sababu serikali iliwaona kama sehemu ya dai la jirani.

Umoja wa Mataifa una kazi gani ikiwa wakubwa wanafanya wapendavyo? — Msomaji, Muskat

Kura ya turufu ya wajumbe watano wa kudumu haikuingia kwa bahati mbaya. Iliwekwa makusudi mwaka 1945 ili Baraza la Usalama lisije likapiga kura ya kuanzisha vita dhidi ya mmoja wa hao watano. Leo Baraza lina wajumbe 15, uamuzi mzito unahitaji kura 9, na hapana moja ya mkubwa inauzima.

Lakini kisa cha Suez kinaonyesha mahali ambapo umoja huo una uzito. Mwisho wa Oktoba 1956 Israeli, kisha Uingereza na Ufaransa, ziliishambulia Misri. London na Paris zikatumia kura ya turufu, na suala likapelekwa Baraza Kuu. Kilichowarudisha nyuma hasa ni fedha: paundi ilikuwa inaporomoka, na Rais Eisenhower akakataa kuisaidia hadi wasimamishe vita. Tarehe 6 Novemba wakasimamisha, na kabla ya mwaka kwisha askari wao walikuwa wameondoka. Umoja wa Mataifa uliwapa njia ya kutokea, kwa kupeleka askari wa kulinda amani. Nguvu iliyowasukuma kwenye njia hiyo ilitoka Washington. Ukikuta uamuzi wa Umoja wa Mataifa umetekelezwa, tafuta ni nani mwenye uwezo aliyetaka utekelezwe.

Tunasimuliwa kwamba Kennedy alimkazia macho Khrushchev mwaka 1962, Khrushchev akapepesa. Ndivyo ilivyokuwa? — Msomaji, Bukavu

Sivyo, na simulizi hiyo imeleta hasara kubwa. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ilipiga picha za makombora ya Kirusi Kyuba. Tarehe 22 Kennedy, Rais wa Marekani, akatangaza kuzizuia meli zenye silaha, kuanzia tarehe 24. Hatari kubwa ilikuwa Jumamosi ya tarehe 27. Siku hiyo ndege ya Marekani ilitunguliwa juu ya Kyuba, na si kwa amri ya Moscow, bali kwa uamuzi wa makamanda wa pale pale. Siku hiyo hiyo ndege nyingine ya Marekani ilipotea njia ikaingia anga la Urusi upande wa Chukotka. Wakuu wawili walikuwa wanatafuta njia ya kutoka, huku watu wa chini yao wakisogea karibu na vita.

Jioni ile Robert Kennedy, ndugu yake rais, alikutana na Dobrynin, balozi wa Urusi. Akamwambia kwamba makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki, aina ya Jupiter, 15 kwa idadi, yataondolewa baada ya miezi michache, kwa sharti lisitangazwe. Tarehe 28 Khrushchev, kiongozi wa Urusi, akatangaza kuondoa makombora Kyuba. Baadaye Warusi walipoleta barua yenye maneno ya Robert Kennedy ili yabaki kwenye maandishi, aliirudisha. Aprili 1963 ya Uturuki yakawa yameondoka.

Kwa hiyo yalikuwa mabadilishano. Kennedy aliulinda uso wake kwa siri hiyo, na hata makamu wake Johnson hakuambiwa. Mtu aliyekuja kushika nchi mwaka mmoja baadaye, na kuipeleka Vietnam, alikuwa na picha ya Kyuba isiyo na ile sehemu ya malipo. Sisi tunaliona hilo kuwa kosa zito la siri nyingi: warithi hujifunza ubabe kwa sababu hawakuonyeshwa risiti.

Nipo mwaka wa pili chuoni, somo la uhusiano wa kimataifa. Nimepewa kazi ya kuchambua vita vya Kagera kwa jicho la uhalisia, maneno 3,000. Nianzie wapi, na nisikosee wapi? — Mwanafunzi, Dodoma

Anza na karatasi tupu na tarehe, kabla ya nadharia. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yanavuka mpaka. Tarehe 1 Novemba Amin anatangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Machi 1979 mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, ambako askari wa Libya wanapigana upande wa Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala inachukuliwa. Julai, mkutano wa wakuu wa Afrika Monrovia, ambako Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wanailaumu Tanzania. Ukiwa na mfululizo huo huwezi tena kuandika kwamba fulani alifanya jambo kwa sababu ya jambo lililokuja baadaye, kosa ambalo wasahihishaji hukutana nalo kila muhula.

Kisha chora safu tatu kwa kila upande. Bahati nzuri Mwalimu Nyerere amekurahisishia. Katika hotuba yake ya Novemba 1978 alisema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Zichukue hizo tatu kama vipimo. Chini ya uwezo usiandike idadi ya askari peke yake: andika barabara, mafuta, malori, umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Kagera, na muda uliohitajika kulifikisha jeshi kule. Daraja la Kyaka lilivunjwa mapema, kwa hiyo kuvuka mto kulitaka maandalizi ya kihandisi. Chini ya sababu, tenganisha kurudisha ardhi na kumwondoa Amin. Ni malengo mawili tofauti, na kazi yako itapimwa kwa jinsi unavyoeleza Tanzania ilivyotoka la kwanza kwenda la pili. Uhalisia una jibu hapo: adui aliyerudi nyuma ya mpaka bila kuvunjwa atarudi tena, na hakuna chombo cha Afrika kilichoonyesha kwamba kitamzuia.

Safu ya nne, ambayo wengi huisahau, ni washirika wa kila upande na walichokuwa wakikishughulikia wakati huo. Nani alimpa Amin msaada, kwa faida gani, na kwa nini msaada huo haukutosha? Kwa nini nchi nyingine za Kiafrika zilinyamaza? Usiandike unafiki. Andika kwamba nyingi zilikuwa na mipaka ya aina ile ile na serikali za aina ile ile, na ziliogopa mfano wa jeshi la jirani kuingia mji mkuu kuliko zilivyomwogopa Amin.

Sasa mitego. Wa kwanza ni kuifanya nchi kuwa mtu mmoja. Amin alivuka mpaka wakati jeshi lake lenyewe limegawanyika na lina maasi ndani, na usipolitaja hilo uvamizi utaonekana kama wazimu mtupu. Wa pili ni mbaya zaidi: kusema kila kilichotokea kilikuwa maslahi. Ukisema Nyerere alipigana kwa maslahi, na angeacha kupigana ungesema pia ni maslahi, basi nadharia yako haijaeleza chochote. Sema mapema ni tendo gani lingeipinga.

Na tafuta kesi inayoipa shida, uiweke ndani ya kazi yako. Tunayo moja nyumbani. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, koloni ambalo walowezi wachache wa Kizungu walikuwa wamejitangazia uhuru, ikitekeleza azimio la nchi za Afrika ambalo nchi nyingi zililipuuza, na ikapoteza mkopo wa paundi milioni 7.5. Mhalisia mgumu hawezi kulieleza tendo hilo bila kulipinda. Mpe nafasi ya kujaribu, kisha mwonyeshe alipokwama. Maneno 400 ya namna hiyo yatakupatia alama zaidi ya kurasa mbili za kunukuu maana ya uhalisia, ambazo msahihishaji wako amezisoma mara nyingi kuliko wewe.